Bei ya Kukisia Haijengi Karakana

Kwa muda mrefu sasa yamekuwako katika nchi yetu manung'uniko ya aina mbili kuhusu vipuri vya mitambo. Manung'uniko ya kwanza ni ya viwanda. Wakubwa wa viwanda husema kwamba karakana zetu hazina bei ya kutegemewa: kipande kile kile leo chatajwa kwa shilingi 60,000, mwezi ujao kwa 110,000, na ukiuliza sababu hupewi jibu ila kwamba mambo yamepanda. Manung'uniko ya pili ni ya karakana zenyewe. Mafundi husema kwamba viwanda vyetu huagiza ng'ambo hata shafti, puli na bushi ambazo kijana aliyekwisha jifunza kukereza chuma aweza kuzitengeneza kwa siku moja.

Sisi tumeyasikiliza manung'uniko haya kwa makini, nasi twaona ya kwamba yote mawili ni ya kweli. Tena twaona kwamba yanatoka katika shina moja. Shina hilo si uchache wa mashine, wala si uvivu wa mafundi. Ni hesabu. Karakana nyingi haziijui gharama halisi ya kazi zinazoifanya, na viwanda vingi havijui kuiuliza. Pande mbili hukutana gizani, kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa ni mwizi.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, la makarani na madaftari, lisilostahili ukurasa kama huu. Hatukubali. Tazama kiwanda cha sukari wakati wa msimu. Miwa ikiisha kukatwa hupoteza utamu wake kila saa ipitayo, na ikikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kusagwa hasara huanza kuonekana katika mizani. Ikivunjika shafti moja ya pampu, kinu kikasimama, anayeumia si mwenye kiwanda peke yake. Mkulima wa bonde la Kilombero au la Mtibwa aliyekwisha kata miwa yake huumia pia, na kibarua alipwaye kwa siku huumia. Kipuri cha ng'ambo huja kwa meli baada ya majuma mengi, au kwa ndege kwa bei ya kutisha. Karakana iliyo karibu ingeweza kuleta kipande keshokutwa. Lakini meneja hatathubutu kuitegemea karakana ambayo hata yenyewe haijui kipande hicho kitaigharimu nini.

NCHI HAIKUANZA JANA

Si kweli kwamba nchi hii haikuujali ufundi wa vyuma. Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, nalo limefika mikoani kote. Mwaka 1980 ilianzishwa TEMDO huko Arusha, kazi yake ikiwa ni kubuni na kuunda mitambo. Wakati wa ujenzi wa Reli ya Uhuru, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ndugu zetu Wachina waliweka Mang'ula karakana kubwa ambayo baadaye ilibaki kuwa kiwanda cha mashine na vipuri. Na katika miaka ya 1980 mkoa wa Kilimanjaro ulipata kiwanda cha kuunda mashine zenyewe za kukerezea na kutobolea, kwa msaada wa Bulgaria.

Na leo sheria imeongeza nguvu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 yatoa upendeleo kwa makampuni ya wenyeji katika zabuni za serikali na mashirika yake. Jambo hilo ni jema nasi twalisifu. Lakini twataka tuseme wazi: upendeleo ni mlango tu. Mtu asiyejua hesabu akifunguliwa mlango huo atapata kazi nyingi, na kila kazi itamzidishia hasara. Ataanguka upesi zaidi kuliko kama angebaki nje, na watu watasema, "Mliwapa nafasi, wakashindwa." Hilo ndilo tunaloliogopa.

HESABU YA SHAFTI MOJA

Twaomba msomaji avumilie tarakimu kidogo, maana katika jambo hili maneno matupu hayasaidii. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila karakana itie zake. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile Tanga na Tabora, London na Chicago.

Chukua shafti nyepesi ya pampu, yaani mhimili wa chuma wa mviringo, unene milimita 50 na urefu milimita 300. Ili kuipata, fundi huanza na nondo nene ya milimita 65, iliyokatwa urefu wa 310. Nondo hiyo ina uzito wa kilo 8. Ikiisha kukerezwa, shafti iliyobaki ina uzito wa kilo nne na nusu na kidogo. Maana yake karibu kilo tatu na nusu zimeanguka chini ya mashine zikawa maranda ya chuma. Mteja lazima azilipie, kwa kuwa zilinunuliwa. Fundi anayehesabu uzito wa shafti iliyokamilika, akasahau maranda, amekwisha pata hasara kabla ya kuwasha mashine. Tuseme chuma ni shilingi 4,000 kwa kilo: kilo 8 ni shilingi 32,000.

Sasa wakati. Kisu cha kukerezea cha chuma cha haispidi hukata chuma cha kawaida cha shafti kwa mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika. Kwa nondo ya milimita 65, hiyo ni mizunguko kama 120 kwa dakika. Kisu kikisogea robo milimita kwa kila mzunguko, kitasogea milimita 30 kwa dakika, nao urefu wa milimita 300 utamalizika kwa dakika 10. Ipite mara tatu kupunguza unene: dakika 30. Kisha mpito wa mwisho wa kulainisha, ambao kisu husogea polepole zaidi: dakika 20. Jumla ni dakika 50 za kukata. Ongeza dakika 20 za kufunga kazi, kuipima na kuifungua. Kila shafti, basi, ni dakika 70.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa huanza. Kabla ya shafti ya kwanza kuna kazi ambayo haionekani: kusoma mchoro, kutafuta kisu kinachofaa, kukinoa, kuiweka mashine sawa, kukata kipande cha majaribio. Tuseme kazi hiyo huchukua saa 3. Saa hizo 3 ni zile zile, ukitengeneza shafti moja au shafti mia.

SAA YA MASHINE NI KIASI GANI?

Ukimwuliza mwenye karakana saa moja ya mashine yake ni shilingi ngapi, mara nyingi atakutajia ujira wa fundi. Hapo amesahau sehemu tatu katika nne.

Tuseme mashine ilinunuliwa kwa shilingi 60,000,000, nayo itafanya kazi ya kulipwa miaka 10, saa 1,500 kila mwaka. Hizo ni saa 15,000. Kila saa, basi, mashine yajila yenyewe kwa shilingi 4,000. Umeme, mafuta, visu na matengenezo, tuseme 3,000. Fundi, pamoja na michango anayolipiwa na mwajiri, ni shilingi 625,000 kwa mwezi. Lakini saa za kazi inayolipwa na mteja ni 125 tu kwa mwezi, kwa hiyo 5,000 kwa saa. Kisha kuna pango, karani, mlinzi, simu, ushuru na riba ya benki: tuseme 6,000. Jumla ni shilingi 18,000 kwa saa, ambazo ni shilingi 300 kwa dakika.

Sasa tuijumlishe shafti yetu. Chuma, 32,000. Dakika 70 za mashine, 21,000. Jumla 53,000 kwa kila kipande. Matayarisho ya saa 3, shilingi 54,000 kwa kazi nzima. Mteja akitaka shafti moja, gharama yake ni 107,000. Akitaka 10, gharama ya kila moja ni 58,400. Akitaka 100, ni 53,540. Faida bado hatujaitia; hii ni gharama tu.

Msomaji ataona ajabu hapo. Shafti ni ile ile, chuma kile kile, fundi yule yule, nayo gharama yapungua kufikia nusu. Yule meneja aliyelalamika kwamba bei ya karakana yabadilika kutoka 60,000 hadi 110,000 huenda hakudanganywa hata kidogo. Huenda mara ya kwanza aliagiza kumi, na mara ya pili akaagiza moja. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemweleza, aliondoka akiamini kwamba ameibiwa.

Sasa tazama jinsi bei inavyokisiwa. Katika karakana nyingi desturi ni kuchukua bei ya chuma na kuizidisha mara mbili. Kwa shafti yetu hiyo ni shilingi 64,000. Kwa kazi ya shafti moja, karakana imejitia hasara ya shilingi 43,000, nayo yashukuru kwa kupata mteja. Kwa kazi ya shafti mia, imedai zaidi ya shilingi 10,000 juu ya gharama kwa kila moja, yaani zaidi ya milioni moja kwa jumla, na mshindani mwenye kuhesabu aweza kushusha bei, akapata faida yake, na bado akaichukua kazi. Basi kisio lile lile humpa mtu kazi ndogo zenye hasara na kumnyima kazi kubwa zenye faida. Karakana ya namna hiyo husikika ikivuma mchana kutwa, mafundi wakitoka jasho, na mwisho wa mwaka hakuna kitu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MASHINE INAYOLIWA

Hasara iliyo mbaya kupita zote ni ile isiyouma leo. Katika zile shilingi 18,000 za saa, shilingi 4,000 ni za uchakavu wa mashine. Hakuna anayekuja kuzidai. Mlinzi atadai mshahara wake, shirika la umeme litakata umeme, lakini mashine haisemi. Kwa hiyo mwenye karakana anayekisia huziacha nje, hushusha bei, akawashinda wenzake, na wote humwona hodari. Kumbe anauza mashine yake kidogo kidogo kupitia kwa wateja. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miaka kumi vitanda vya mashine vimelika, shafti zatoka na upogo, na hakuna akiba ya kununua nyingine. Ndipo utakapomkuta akisema kwamba ufundi haulipi.

Mashine isiyo na kazi nayo ina gharama. Rudi katika hesabu yetu. Ikiwa mashine ile ile itapata kazi ya saa 750 tu kwa mwaka badala ya 1,500, uchakavu, ujira na gharama za jumla kwa kila saa vitakuwa mara mbili, umeme na matengenezo yakibaki pale pale. Saa itapanda kutoka 18,000 hadi 33,000. Hapo ndipo fumbo la viwanda vyetu lilipo: viwanda huagiza ng'ambo kwa sababu karakana ni ghali, na karakana ni ghali kwa sababu viwanda huagiza ng'ambo. Duara hilo halivunjwi kwa kulaumiana.

KIUNZI KINAPOJILIPA

Kuna sehemu nyingine ambayo huwachanganya wengi, nayo ni gharama ya vifaa maalumu vya kazi: viunzi vya kushikia na kuongozea keekee, kalibu za kusubia, na visu vya umbo la pekee.

Chukua sahani ya chuma yenye matundu sita. Fundi asiye na kiunzi hupima kila tundu kwa rula na bikari, hulitia alama, kisha hutoboa: tuseme dakika 30. Akiwa na kiunzi, yaani sanduku la chuma lenye vijitundu vigumu vinavyoiongoza keekee, hafikirii tena. Huweka, hufunga, hutoboa: dakika 10. Ameokoa dakika 20, ambazo kwa bei yetu ni shilingi 6,000 kwa kila sahani. Ikiwa kiunzi kiligharimu 240,000, kinajilipa kwenye sahani ya 40. Kwa sahani 10 ni anasa na hasara. Kwa sahani 200 kinaokoa 1,200,000, na baada ya kutoa gharama yake zabaki 960,000.

Basi swali la kwanza la kila karakana kwa mteja lisiwe, "Uko tayari kulipa ngapi?" Liwe, "Wataka ngapi, na mwaka huu utataka tena mara ngapi?" Na jibu liandikwe. Tena katika bei iliyoandikwa, kiunzi au kalibu iwe na mstari wake wa peke yake, isifichwe ndani ya bei ya kipande. Na iandikwe ni mali ya nani baada ya kulipiwa. Ugomvi mwingi kati ya karakana na wateja hutokea pale kalibu iliyolipiwa na mmoja inapotumika kuwatengenezea wengine, au mteja anapoagiza tena na kutozwa kalibu ile ile mara ya pili.

Na usahihi nao una bei yake. Mchoro ukidai kipimo kisichozidi wala kupungua sehemu moja ya kumi ya milimita, mashine ya kukereza yatosha. Ukidai sehemu moja ya mia, huenda ikalazimu mashine ya kusaga kwa jiwe, kupima mara kwa mara, na kukubali kwamba vipande vingine vitatupwa. Na kipande kinachoharibika katika mpito wa mwisho hakipotezi chuma peke yake. Kwa shafti yetu chapoteza shilingi 53,000 zote. Mchoraji anayeandika vipimo vikali kila mahali kwa sababu tu vinapendeza karatasini, anatumia fedha za kiwanda bila kujua. Usahihi uwekwe pale beringi inapokaa, si pale pasipoguswa na kitu.

SAA MKONONI, NA HOFU YA MFANYAKAZI

Sasa twafika mahali pagumu. Hesabu hii yote yategemea jambo moja: kujua kazi huchukua dakika ngapi kwa kweli. Na mfanyakazi anapomwona msimamizi na saa mkononi, moyo wake hushtuka. Hatumlaumu. Hofu hiyo ina historia.

Mhandisi Mmarekani, Frederick Taylor, alianza mwaka 1880 kuchunguza jinsi chuma kinavyokatwa. Aliendelea kwa miaka 26, akageuza zaidi ya ratili 800,000 za chuma kuwa maranda, na mwaka 1906 akawasomea wahandisi wenzake matokeo yake. Mengi aliyoyapata yanatumika hata leo. Ni yeye aliyeonyesha kwa tarakimu kwamba mwendo ukizidi kidogo tu, uhai wa kisu hupungua sana: kwa chuma cha haispidi, ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, kisu huweza kuisha makali katika karibu nusu ya muda wake wa kwanza. Kwa hiyo kukimbiza mashine si lazima kuwe akiba.

Lakini Taylor huyo huyo alileta saa ya kumpima mtu, na wenye mali waliichukua wakaifanya mjeledi. Mwezi wa Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani huko Watertown, mafundi wa kusubu waliacha kazi baada ya mwenzao mmoja kufukuzwa kwa kukataa kupimwa kwa saa. Bunge la nchi hiyo lilifanya uchunguzi, naye Taylor akahojiwa. Mwaka 1915 Bunge likakataza fedha za jeshi zisitumike kwa upimaji wa namna hiyo, na katazo hilo likadumu miaka mingi. Hivyo mfanyakazi asemaye, "Nikimaliza mapema leo, kesho nitaongezewa kazi kwa ujira ule ule," hasemi upuuzi. Yalikwisha tokea.

Hata hivyo, tumwulize mfanyakazi huyo: bila wakati ulioandikwa, nani analaumiwa bei ikiwa kubwa? Ni yeye. Mara ngapi tumesikia kwamba vipuri vya nyumbani ni ghali kwa sababu ya mishahara? Basi tuitazame shafti yetu. Katika dakika 70, ujira wa fundi ni shilingi 5,833. Katika gharama ya 53,540 hiyo ni kama shilingi 11 tu katika kila mia. Ukimkata fundi sehemu moja ya tano ya mshahara wake, ukamnyima chakula cha watoto, hata shilingi 1,200 hazipungui katika shafti.

Sasa mpe fundi huyo huyo ncha ya kabaidi badala ya kisu cha haispidi, kama mashine ni imara na ina nguvu za kutosha. Ncha hiyo aghalabu hustahimili mwendo mara nne. Dakika 50 za kukata zitakuwa 12 na nusu. Zimeokolewa dakika 37 na nusu, yaani shilingi 11,250. Hata tukisema ncha yenyewe yagharimu 1,000 kwa kila shafti, zabaki 10,250, mradi dakika zilizookolewa zijazwe kazi nyingine. Faida ya kuboresha kazi ni karibu mara tisa ya faida ya kumnyonga mtu. Hayo si maneno ya jukwaani. Ni hesabu, na mfanyakazi hangeweza kuitoa mezani kama dakika zake zisingeandikwa.

Kwa hiyo sisi twasema: daftari la wakati ni silaha ya mfanyakazi kama lilivyo silaha ya karakana, lakini kwa masharti. Wakati uandikwe na fundi mwenyewe, kwa kazi na kwa mashine, si kwa kumvizia. Uandikwe pamoja na sababu za kusimama: umeme ulikatika, nondo haikufika, mchoro ulikosewa, kisu kilikuwa butu. Mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya wote. Mara nyingi itaonekana kwamba mashine ilisimama kwa ajili ya bohari na ofisi, si kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele yake. Na akiba ikipatikana, fundi apate sehemu yake iliyo wazi. Msimamizi atakayelitumia daftari kumkatia mtu ujira atapata mwezi unaofuata dakika za uwongo, naye atarudi katika kukisia kule kule alikotoka.

LINALOTUPASA

Mambo manne twaona yanaweza kuanza bila kungoja fedha za mtu yeyote.

Kwanza, kila karakana, hata ya mashine mbili, ijue saa ya kila mashine yake ni shilingi ngapi, nayo ihesabiwe upya kila mwaka. Haihitaji mtaalamu, yahitaji daftari, stakabadhi na ukweli.

Pili, bei ya karakana iandikwe kwa mistari mitano: chuma, matayarisho, wakati wa mashine, vifaa maalumu, na faida. Mteja akiona mistari hiyo ataelewa kwa nini kipande kimoja ni ghali, naye huenda akaagiza kumi. Wakubwa wa ununuzi katika mashirika ya umma nao waidai mistari hiyo kabla ya kusema kwamba bei imezidi. Kuchagua bei ndogo kuliko zote bila kuuliza imepatikanaje ni kuisaidia karakana ile iile mashine yake.

Tatu, viwanda vyenye mitambo ya aina moja viagize pamoja. Viwanda vinne vinavyotaka shafti 25 kila kimoja, vikiagiza mbalimbali, vitalipia matayarisho mara nne, na pengine viunzi vinne. Vikiagiza pamoja vitalipia mara moja, na karakana itapata saa za kazi zinazoshusha bei ya kila saa. SIDO na TEMDO wanafaa kabisa kuwa wasuluhishi wa jambo hili, na kuwa watunza michoro na viunzi vya vipuri vinavyotumika sana.

Nne, vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kijana kukadiria gharama tangu siku anapofundishwa kushika maikromita. Kijana anayejua kukereza bila kujua kazi yake ni ya shilingi ngapi amefundishwa nusu ya ufundi, na nusu iliyobaki atafundishwa na hasara.

Hatusemi kwamba kila kipuri kitengenezwe hapa. Hesabu ile ile itaonyesha mara nyingine kwamba ni afadhali kuagiza, hasa vitu vinavyoundwa kwa malaki katika viwanda vikubwa vya ulimwengu. Mwenye kuhesabu haoni haya kusema hivyo. Lakini anapoagiza aongeze katika bei ya ng'ambo nauli, ushuru, na siku ambazo kinu kimesimama na miwa ikikauka. Akifanya hivyo kwa haki, ataona kwamba vipande vingi anavyovingoja bandarini vingeweza kutoka katika karakana ya mtaa wa pili.

Ndugu wafanyakazi, kesho mtakaposimama mbele ya mashine zenu, andikeni saa mliyoanza na saa mliyomaliza. Nanyi wenye karakana, msiione aibu kumwambia mteja kwamba mtampa bei kesho, baada ya kuhesabu. Bei ya kesho iliyo ya kweli ni bora kuliko ya leo itakayoifunga karakana.